Ukuta Mfupi Ubavuni mwa Alkaaba

Katika nyumba nyingi za Waislamu hutundikwa ukumbini picha ya Alkaaba Tukufu. Mtoto huizoea tangu hajajua kusoma: nyumba ya pembe nne iliyovikwa guo jeusi, na watu kama chungu wakiizunguka. Lakini mkalishe mtoto mwenye akili mbele ya picha hiyo aitazame sawasawa, na haitachukua muda ataona kitu kingine. Upande mmoja wa Nyumba ile pana ukuta mfupi, usiofika kichwani mwa mtu mzima, uliopinda mfano wa mwezi mwandamo. Haukushikana na Nyumba, wala hauna dari. Na watu wote wanaotufu hupita nje ya ukuta ule. Hapana anayekata njia kwa ndani. Hapo mtoto atauliza: “Baba, kile ni nini? Na mbona hawapiti katikati?”

Wengi wetu hujibu kwamba ndivyo ilivyo desturi, kisha tukageuza mazungumzo. Lakini swali la mtoto ni swali kubwa, na aliyepata kuliuliza kabla yake ni Bibi Aisha, mama wa Waislamu (R.A.), naye alimwuliza mwenyewe Bwana Mtume (S.A.W.). Jawabu aliyopewa ina funzo ambalo kila nyumba ya Kiislamu inalihitaji leo, khasa nyumba inayojiwekea akiba ili mmoja wao aende kuhiji. Kwa hivyo tumeona yafaa tuieleze khabari hii tangu mwanzo wake.

NYUMBA YA MWANZO

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Aali Imran kwamba nyumba ya kwanza iliyowekwa kwa ajili ya watu wote wapate kumwabudu Mungu ni hii iliyoko Makka. Na katika Sura ya Al-Baqara ametueleza namna Nabii Ibrahim (A.S.) na mwanawe Ismail (A.S.) walivyokuwa wakiinua kuta zake, huku wakimwomba Mola wao awapokelee kazi yao. Angalia adabu ya Mitume: mikono imo katika mawe, na ulimi umo katika kuomba kazi ikubaliwe. Hawakudhani kwamba kwa kuwa wanajenga Nyumba ya Mungu basi lazima Mungu ataipokea. Waliomba.

Tangu zama hizo Nyumba ile haikuacha kuheshimiwa. Hata Waarabu walipopotea wakaabudu masanamu, wakayajaza pale mpaka yakafika 360 kuizunguka Alkaaba, bado waliihiji na kuiogopa. Na Makureshi, watu wa kabila lake Bwana Mtume (S.A.W.), ndio waliokuwa walinzi wake.

MAKURESHI WANAJENGA UPYA

Bwana Mtume (S.A.W.) alipokuwa na umri wa miaka 35, yaani yapata mwaka 605, miaka mitano kabla hajapewa Utume, Alkaaba ilikuwa katika hali mbaya. Moto ulikuwa umeiunguza, na mafuriko yanayoshuka kutoka milimani yalikuwa yamezipasua kuta. Tena haikuwa na dari, na wezi walipata kuingia wakaiba katika hazina yake. Makureshi wakaazimia kuibomoa na kuijenga upya.

Sadfa ilikuwa jahazi la wafanya biashara wa Kirumi limevunjika pwani karibu na Jedda. Makureshi wakazinunua mbao zake, na fundi mmoja mgeni, aitwaye Baqum, akashika kazi. Koo za Kikureshi zikagawana kuta nne, kila kundi na upande wake, ili fakhari ya kujenga isiwe ya wachache.

Ilipofika siku ya kubomoa kila mtu aliogopa. Walid bin Mughira akatangulia, akatia sururu akaangusha sehemu. Watu wakalala usiku ule wakingoja waone kama msiba utamfika. Asubuhi wakamwona mzima anarudi kazini, nao wakamfuata. Wakabomoa mpaka wakafika kwenye msingi wa Nabii Ibrahim (A.S.), hapo wakasita wakajenga juu yake. Bwana Mtume (S.A.W.) naye alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe, pamoja na ami yake Abbas.

Khabari ya ugomvi uliotokea juu ya Jiwe Jeusi inajulikana na wengi. Kila ukoo ulitaka uliweke wao, mpaka wakakaribia kumwaga damu. Mzee wao, Abu Umayya, akawashauri wamfanye mwamuzi mtu wa kwanza atakayeingia msikitini. Akaingia Muhammad (S.A.W.), na wote wakafurahi kumwona, kwa kuwa walimwita Al-Amin, yaani mwaminifu. Akatandika nguo, akaliweka jiwe juu yake, akawaambia wakubwa wa koo washike ncha zote wainue pamoja. Kisha akalitia mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Haya husimuliwa kila mwaka katika maulidi. Yasiyosimuliwa sana ni yale yaliyopita kabla ya hapo, katika kukusanya fedha.

FEDHA ZILIPOPUNGUA

Kabla ujenzi haujaanza alisimama mmoja wa wakubwa wa Makureshi. Wengi wasema ni Abu Wahb wa ukoo wa Makhzum, na wengine wasema ni Walid bin Mughira. Akawausia wenziwe kwamba katika ujenzi wa Nyumba hii wasitie ila pato lililo jema. Isiingie ndani yake fedha ya ukahaba, wala fedha ya riba, wala kitu chochote alichonyang’anywa mtu kwa dhulma. Wakakubaliana wote.

Yafaa tusimame hapa, kwani jambo hili ni la ajabu. Watu hawa walikuwa washirikina. Riba ilikuwa ndiyo biashara yao, na dhulma kwa mnyonge ilikuwa mazoea. Lakini katika nyoyo zao ilikuwa imebaki nuru ya dini ya babu yao Ibrahim, wakajua kwamba Nyumba ya Mwenyezi Mungu haijengwi kwa uchafu.

Basi wakaanza kuchanga. Makureshi hawakuwa masikini. Misafara yao ilikwenda Yemen wakati wa baridi na Sham wakati wa joto, kama tunavyosoma katika Sura iitwayo kwa jina lao. Fedha zilikuwa tele Makka. Lakini kila aliyetia mkono katika mfuko wake ilimpasa ajiulize, hii niliipataje? Na walipozitenga zilizo safi na zisizo safi, zilizo safi hazikutosha. Mji wa matajiri ukapungukiwa na fedha za halali za kumalizia nyumba moja tu!

Ilikuwa juu yao kuchagua. Wangeweza kuvunja ahadi yao, wakachukua kidogo katika fedha zile nyengine, na pengine hapana ambaye angejua. Au wangeweza kuipunguza Nyumba. Wakachagua kuipunguza. Wakaurudisha ndani ukuta wa upande mmoja, wakaiacha nje sehemu iliyokuwa ndani ya msingi wa Nabii Ibrahim (A.S.), kiasi cha dhiraa sita hivi, na mahali hapo pakazungushiwa ukuta mfupi ili watu wasipasahau. Hapo ndipo panapoitwa Hijr Ismail, na wengine hupaita Hatim. Nao ndio ule ukuta mfupi aliouona mtoto wako katika picha.

Walakini Makureshi hawakusalimika na kiburi. Mlango wa Nyumba, uliokuwa chini usawa wa ardhi, waliuinua juu ili wamwingize wamtakaye na wamzuie wasiyemtaka. Mpaka leo mlango wa Alkaaba uko juu, yapata mita mbili kutoka chini, na hauingiliki ila kwa ngazi. Kwa hivyo ujenzi mmoja umeacha alama mbili: ukuta mfupi, alama ya uaminifu wao katika mali, na mlango mrefu, alama ya ubora waliojipa juu ya wenziwao.

SWALI LA BIBI AISHA

Miaka ikapita. Utume ukaja, Bwana Mtume (S.A.W.) akahamia Madina, na katika mwaka wa 2 Hijria (624) Waislamu wakaamrishwa waelekee Alkaaba katika Sala zao badala ya Baitul Muqaddas. Mwaka wa 8 Hijria (630) Makka ikafunguliwa. Masanamu yakavunjwa, Bilal akaadhini, na Nyumba ikarudi kuwa ya Mwenyezi Mungu peke yake.

Hapo tena palikuwa na nguvu na mali ya kuirudisha Alkaaba katika msingi wake. Kwa nini haikurudishwa? Bibi Aisha (R.A.) alimwuliza Bwana Mtume (S.A.W.) kama ukuta ule ni sehemu ya Nyumba. Akamjibu kuwa ndiyo. Akamwuliza, mbona basi hawakuutia ndani? Akamwambia kwamba watu wako walipungukiwa na matumizi. Akamwuliza khabari ya mlango ulioinuliwa, naye akamweleza sababu yake kama tulivyoitaja. Kisha akamjulisha kwamba, lau si kuwa watu wake wametoka katika ukafiri juzi tu na anakhofu nyoyo zao zisije zikachukizwa, angaliibomoa Nyumba akaijenga juu ya msingi wa Ibrahim, akaiwekea milango miwili chini, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea.

Tazama hekima hiyo. Mtume wa Mwenyezi Mungu anajua lililo bora zaidi, na uwezo anao. Lakini analiacha kwa kuogopa nyoyo za watu wageni katika dini zisije zikavunjika. Jengo linaweza kungoja. Imani ya mtu haichezewi. Wangapi katika sisi tumeufarakisha msikiti kwa jambo dogo kuliko hilo?

Na siku moja Bibi Aisha (R.A.) alipotamani kuingia ndani ya Alkaaba asali, Bwana Mtume (S.A.W.) alimshika mkono akampeleka ndani ya Hijr, akamwambia asali pale atakapo kuingia Nyumbani, kwa kuwa pale ni sehemu ya Nyumba.

NYUMBA ILIYOJENGWA NA KUVUNJWA

Aliyejaribu kulitimiza lile tamanio la Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa Abdallah bin Zubeir (R.A.), mtoto wa Bibi Asma, dadake Bibi Aisha. Katika mwaka wa 64 Hijria (683) majeshi ya Sham yaliuzingira mji wa Makka alimokuwa akitawala, na Alkaaba ikaungua. Vita vilipokwisha alitaka shauri la watu. Ibn Abbas (R.A.) aliona itengenezwe palipoharibika tu. Ibn Zubeir akasema kwamba mmoja wetu akiunguliwa na nyumba yake hatuliki mpaka aifanye mpya, basi vipi Nyumba ya Mola wetu? Akamwomba Mungu amwonyeshe la kheri kwa siku tatu, kisha akaijenga. Alisema kwamba yeye leo anayo matumizi, wala hana khofu na watu. Akaufunua msingi wa Ibrahim watu wakauona kwa macho yao, akaitia Hijr ndani, akaweka milango miwili usawa wa ardhi.

Lakini hakukaa sana. Mwaka wa 73 Hijria (692) Hajjaj bin Yusuf alimwua, kisha akamwandikia Khalifa Abdulmalik bin Marwan kumpa khabari ya ujenzi ule. Khalifa akaamuru Hijr itolewe nje, na mlango wa pili uzibwe. Yakarudi kama walivyoyajenga Makureshi. Baadaye Abdulmalik alipothibitishiwa kwamba maneno ya Bibi Aisha ni kweli, aliinama akikwaruza ardhi kwa fimbo yake, akatamani lau angeliiacha ilivyokuwa.

Kisha zama za Makhalifa wa Kiabbasi, mmoja wao alimtaka shauri Imam Malik (R.A.) airudishe tena kama alivyoijenga Ibn Zubeir. Imam akamnasihi asifanye, akikhofia Nyumba hii isije ikawa mchezo wa wafalme, kila anayetawala aivunje na kuijenga apendavyo, na haiba yake ikaondoka katika vifua vya watu. Khalifa akasikia, na tangu hapo umbo lile halikubadilishwa. Mafuriko makubwa ya mwaka wa 1039 Hijria (1630) yalipoziangusha kuta, Sultan Murad wa Nne wa Uturuki aliijenga upya, kazi ikatimia mwaka wa 1040. Lakini aliijenga kwa umbo lile lile. Na matengenezo makubwa yaliyofanywa mwaka 1996 nayo hayakuligeuza. Basi ukuta mfupi bado upo.

ATUFUYE APITE WAPI?

Sasa twaweza kumjibu mtoto wetu kwa nini watu hawapiti katikati. Mwenyezi Mungu ameamrisha Nyumba izungukwe, na anayepita baina ya ukuta mfupi na Alkaaba hakuizunguka Nyumba. Amepita ndani yake. Kwa madhehebu ya Imam Shafi’i (R.A.), ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, duru iliyopitishwa hapo haihesabiwi, lazima arudie. Anayekusudia kuhiji na alishike hili, kwani katika msongamano mtu huona uwazi akataka kukata njia.

Na liko jambo jengine wasilolijua wengi. Katika kutufu hupanguswa pembe mbili tu: ile yenye Jiwe Jeusi na ile iitwayo ya Yemen. Pembe mbili zilizo upande wa Hijr haziguswi. Ibn Umar (R.A.) alipoisikia hadithi ya Bibi Aisha alisema haoni kama Bwana Mtume (S.A.W.) aliacha kuzigusa hizo ila kwa sababu Nyumba haikutimizwa juu ya msingi wa Ibrahim. Kwa hivyo hizo si pembe za asili. Ni mahali ambapo fedha za halali zilimalizikia.

FUNZO KWA NYUMBA ZETU

Ndugu wasomaji, wazee wetu wa pwani walikwenda Makka kwa majahazi, na baadaye kwa meli za moshi mpaka Jedda. Wengine walisafiri miezi, na wengine hawakurudi. Leo safari ni ya saa chache kwa ndege. Njia imekuwa fupi; lakini je, swali la Makureshi tunajiuliza bado? Hii niliipataje?

Tunajua jinsi fedha zinavyopatikana katika miji yetu. Yuko anayepunja mizani. Yuko anayechukua mlungula kazini akauita “chai”. Yuko anayekopesha maskini shilingi kumi akadai kumi na tano. Yuko ndugu aliyewala mayatima wa nduguye katika mirathi, na dada zake akawaambia kwamba mwanamke hana haki katika shamba. Kisha mtu huyu huyu akatia nia ya kuhiji, au akachangia mabati ya msikiti, akadhani kwamba hayo yatayafuta yale.

Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mwema wala hakubali ila kilicho chema. Akatupigia mfano wa mtu aliyesafiri safari ndefu, nywele zimemtimka na vumbi limemjaa, akanyanyua mikono kumwomba Mola wake. Lakini chakula chake ni cha haramu, kinywaji chake ni cha haramu, na nguo yake ni ya haramu. Huyo atajibiwa vipi? Mtu angemdhania ni msafiri wa kwenda Makka! Na wanavyuoni wamesema juu ya anayehiji kwa mali ya haramu: Imam Shafi’i, Imam Malik na Imam Abu Hanifa wameona kuwa faradhi humwondokea lakini ana madhambi, na Imam Ahmad amesema Hija hiyo haimtoshi. Ni khasara ilioje mtu atoke kwao na akiba yote, achomwe na jua la Arafa, kisha arudi na jina la Haji tu!

Pengine kijana atasema: “Lakini mimi nikitafuta ya halali tupu, sitafika. Mshahara ni mdogo na nauli ni kubwa.” Kijana wetu, tazama ule ukuta. Mwenyezi Mungu hakuifaradhisha Hija ila kwa mwenye kuiweza. Anayedaiwa alipe kwanza. Mwenye watoto awaachie matumizi yao mpaka atakaporudi. Na mama anayepika vitumbua alfajiri akaweka kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Akifa kabla hajafika, Mungu anaijua nia yake, wala hana deni la Hija aliyekuwa hana uwezo. Kama Nyumba yenyewe ya Mwenyezi Mungu ilikubaliwa kupungua kuliko kutiwa fedha chafu, wewe ni nani hata uogope kupungukiwa?

Vivyo hivyo na misikiti yetu. Kamati isione haya kusimamisha ujenzi kwenye linta kwa kukosa fedha. Msikiti uliosimama nusu kwa mali safi ni bora kuliko mnara mrefu uliojengwa kwa jasho la mtu aliyedhulumiwa.

Na mwisho kabisa, lizingatieni hili. Mlango walioujenga Makureshi kwa kiburi mpaka leo uko juu, na katika mamilioni ya mahujaji wanaoingia kwa mlango huo ni wachache sana. Lakini pale walipopungukiwa kwa ajili ya kuchunga halali, pamebaki wazi. Hapana mlango wala ngazi. Mkulima, mvuvi, mjane na mtoto wanaingia Hijr, wanasali rakaa mbili, nao wamesali ndani ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu, kama alivyosali Bibi Aisha (R.A.). Upungufu uliotokana na uaminifu, Mola ameugeuza ukawa mlango wa maskini.

Leo jioni, baada ya Sala ya Magharibi, mwite mwanao mbele ya ile picha iliyoko ukumbini. Mwonyeshe ukuta mfupi, na umweleze.

Mwenyezi Mungu atujaalie pato la halali, atufikishe kwenye Nyumba yake hali ya kuwa ameridhika nasi, na atupokelee kama alivyowapokelea Ibrahim na Ismail. Amin.